Uliniuliza uchukue masomo gani Marekani

Dadangu, juzi uliandika kwenye grupu ya familia: "Nimepata ile nafasi ya muhula mmoja Marekani kuanzia Januari. Wamenitumia orodha ya masomo, ni mamia. Nichague gani?" Kabla sijamaliza kusoma, mjomba alikuwa ameshasema uchukue kompyuta tupu, na shangazi akasema uchukue yaliyo mepesi ili upate nafasi ya kufanya kazi na kutuma chochote nyumbani. Mimi nilinyamaza. Hapo Nairobi ilikuwa saa mbili asubuhi, huku Minnesota, Marekani, ni saa tano usiku, na nililala bila kujibu kwa sababu kuna jambo sijawahi kuwaambia. Leo nalisema, tena mbele ya wote.

Mwaka 2017 nilipata nafasi kama yako, nikaja hapa Minnesota nikiwa mwaka wa tatu wa uchumi. Nyumbani sikuwa nimewahi kuchagua somo. Idara inakupangia yuniti zako sita au saba, unasajili, unahangaika na karo, basi. Hapa nikaambiwa nichague nipendalo, nami nikachagua yale yatakayosikika vizuri Nairobi. Ekonometriki, yaani takwimu za uchumi, ya ngazi ya 400, hesabu, somo la kuandika programu za kompyuta, fedha za kimataifa, na semina ya historia ya Afrika. Masomo matano, kredi 17. Nilipiga picha ile ratiba nikaituma nyumbani, na mjomba akaionyesha watu mpaka kanisani.

Hakuna aliyenieleza kredi ni kitu gani hasa. Somo la kawaida lina kredi 3 au 4, na kila kredi ni kama saa moja ya darasani kwa wiki pamoja na saa mbili za kujisomea. Piga hesabu: kredi 17 ni zaidi ya saa 50 kila wiki, kabla hujapika wala kufua. Na hapa huwezi kuokolewa na mtihani wa mwisho. Sisi tumezoea CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, asilimia 30 na mtihani asilimia 70, kwa hivyo mtu anaweza kulegea hadi wiki ya kumi kisha akakesha. Huku kila wiki kuna kazi ya kukabidhi, na kila kazi ina alama zake. Ukichelewa wiki mbili umeshazama.

Mimi nilizama. Wiki ya saba mtihani wa katikati wa ekonometriki ulirudi na 48. Wiki moja au mbili za kwanza unaweza kuacha somo na lisionekane popote, lakini hizo nilizimaliza nikijipa moyo. Baada ya hapo ukiacha, transkripti, ile hati ya matokeo yako, inabaki na herufi W, kwamba ulijiondoa. Niliacha somo la fedha, nikapata W yangu, nikabaki na kredi 14. Kisha nikataka kuacha na lile la kompyuta, ambalo lilikuwa na kredi 4.

Nakumbuka yule mama wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikaratasi cha manjano, akaandika kwa penseli 14 toa 4, jibu 10. Chini yake akaandika 12, akaipigia mistari miwili, akakisukuma kikaratasi upande wangu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, hatakiwi kushuka chini ya kredi 12 bila ruhusa ya ofisi ile, na akishuka kimyakimya anapoteza haki ya kuwa nchini. Ruhusa yenyewe hutolewa kwa sababu chache, na yangu, ya kuelemewa kwa kuwa nilichagua vibaya, hakuikubali. Kwa hivyo nikabaki na lile somo hadi Mei na nikapata D. Wewe pengine utakuja kwa J-1, viza ya wanafunzi wa kubadilishana, ambayo pia inakutaka uwe mwanafunzi wa muda wote. Uliza chuo chako kiwango ni kredi ngapi. Ukiwa na F-1, jua kwamba somo la mtandaoni linalohesabika kwenye zile 12 ni moja tu, lisilozidi kredi 3.

Niliporudi nyumbani nikiwa na transkripti kwenye bahasha, idara yangu ilikubali somo moja tu: hesabu. Mengine, nikaambiwa, silabasi haifanani na yuniti zetu. Yuniti za lazima nilizokosa zilikuwa zinafundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hivyo nikasubiri mwaka. Mlipouliza mbona wenzangu wamevaa majoho na mimi bado, nilisema ni mgomo wa wahadhiri. Mwaka 2018 mgomo ulikuwepo kweli, na nyote mkaniamini. Mama alikufa moyo kidogo lakini akaniamini. Haukuwa mgomo. Yalikuwa masomo niliyochagua ili nisifiwe, na naomba mnisamehe kwa miaka yote niliyowaficha.

Sasa wewe.

Kabla hujafunga sanduku, kaa na mkuu wa idara yako. Usiende na majina ya masomo peke yake, maana majina hayamshawishi mtu. Andikia chuo cha huku wakutumie silabasi ya kila somo, ile inayoonyesha mada za kila wiki, vitabu na jinsi alama zinavyogawanywa, uichape uende nayo. Mwombe barua yenye sahihi na muhuri inayosema somo hili la huku linachukua nafasi ya yuniti ile ya nyumbani. Ahadi ya mdomo kwenye korido usiihesabu, mimi nilikuwa nayo. Na kwa kila somo weka mawili ya akiba kwenye barua hiyohiyo, kwa sababu madarasa hujaa, na mara nyingi wageni tunasajili wakati wenyeji wameshachukua viti vyao.

Halafu uliza alama zitahamishwaje. Kwetu, vyuo vingi vinahesabu 70 kuwa A. Huku 70 ni C, na A huanzia tisini na kitu. Ukileta 74 ambayo umeitolea jasho, transkripti itaandika C, na mtu wa Nairobi ataona C. Kama idara yako inakubali kuandika tu kwamba umefaulu, bila alama, hiyo ni heri kubwa kwako. Liandikwe kwenye barua ileile.

Kuhusu kompyuta, mjomba, nakuheshimu, lakini dadangu hawezi kurukia tu. Namba ya somo inaeleza mengi: ya 100 ni ya wanaoanza, ya 300 na 400 yanadai uwe umesoma mengine kabla. Akitaka, achukue moja la 100. Na shangazi, masomo mepesi hayataleta pesa. Mwanafunzi mwenye viza hizi anaruhusiwa kazi za chuoni tu wakati wa muhula, zisizozidi saa 20 kwa wiki, na mwenye J-1 anahitaji kibali cha maandishi kwanza. Hicho kidogo atakachopata kitaishia kwenye vitabu, maana kitabu kimoja cha darasani kinaweza kupita dola 100. Msimtegemee kwa miezi hii minne. Nawaomba kwa dhati.

Ningekuwa wewe ningechukua masomo manne, kredi 12 au 13. Matatu yawe yale ya kwenye barua. La nne liwe lako.

Nasema hivi kwa sababu ya ile semina ya historia. Tulikuwa kumi na wawili kuzunguka meza moja, na asilimia 20 ya alama ilikuwa ya kuchangia mazungumzo. Mimi nilikaa nikiandika, kama tulivyolelewa, nikisubiri kuulizwa. Siku moja wakawa wanajadili Hali ya Hatari ya 1952, Waingereza walipopambana na Mau Mau nchini Kenya, na vile vijiji ambamo watu walifungiwa. Wanafunzi ambao hawajawahi kufika Kenya wanaongea, na mimi ambaye nyanya yetu alinionyesha kwa mkono wake upana wa handaki lililozunguka kijiji chao, nimenyamaza. Baada ya kipindi mwalimu akaniuliza taratibu, "Wewe huna la kusema?" Wiki iliyofuata nilisema. Sauti ilinitetemeka, lakini niliwaeleza habari za nyanya, na chumba chote kikatulia. Idara yangu haikuihesabu semina ile hata kidogo, na bado ningeichukua tena. Wewe usisubiri wiki saba kufungua mdomo. Huku kukaa kimya kunahesabiwa kuwa hukusoma.

Somo la saa mbili asubuhi liepuke ukiweza. Januari hapa jua huchomoza karibu na saa hiyohiyo, utakuwa unasubiri basi gizani kwenye baridi ambayo siwezi kuieleza kwa mtu aliyezoea Julai ya Nairobi.

Nitumie orodha yako kabla ya Jumapili. Nitakupigia saa tatu usiku kwenu, ni saa sita mchana kwangu, tuipitie somo moja baada ya jingine. Na ukishasajili, ile picha ya ratiba nitumie mimi kwanza, kabla hujaiweka kwenye grupu.