Kifaransa: kusoma unaelewa, wakiongea unaachwa

Kama unasoma habari za Kifaransa bila taabu lakini watu wakiongea hushiki kitu, tatizo si msamiati. Maneno unayajua, ila hujayazoea yakiwa yameungana. "Je ne sais pas" katika mazungumzo ya kawaida hutoka kama "shepa", "il y a" hubaki "ya" tu, na "les amis" husikika "lezami" kwa sababu ile s iliyokuwa kimya huamka mbele ya irabu. Kuongeza sarufi hakutibu hilo hata kidogo.

Chukua sauti ya dakika 1 yenye maandishi yake. Taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, inafaa sana. Sikiliza mara 3 bila kutazama maandishi, andika unachosikia, kisha linganisha. Palipokushinda ndipo somo lako la leo lilipo. Rudia sentensi hizo kwa sauti, ukimfuata msomaji hatua moja nyuma, mpaka mdomo uache kukwama. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa 3 za Jumamosi.

Nomino jifunze na un au une, si le na la, maana l' huficha jinsia: "l'école" haikuambii kitu, "une école" inakuambia.

Na kuongea anza sasa hivi, tafadhali. Mwombe unayezungumza naye asikukatize kwa kila kosa. Akuandikie mawili matatu mwishoni.