Baiskeli za chuma za Kijapani: maswali yenu, na kwa nini kalipa inatangulia pochi

Maswali ya safari hii karibu yote yana ugonjwa mmoja: kipuri kimenunuliwa kwanza, kipimo kimechukuliwa baadaye. Fremu za Japani za miaka ya 1970 na 1980 zina vipimo vinavyoeleweka, ila vinakaribiana na vya leo bila kulingana navyo, na tofauti ya milimita 0.2 inatosha kukuharibia Jumamosi nzima. Kama huna kalipa, kile chombo cha kupimia kipenyo hadi sehemu za milimita, tafuta hata ya bei nafuu kabla ya kuendelea kusoma.

Nimepata fremu iliyopigwa rangi upya, haina stika hata moja. Nitajuaje umri wake, na kama ni chuma kizuri?

Anza na tundu la nguzo ya siti. Katika fremu nyingi za aina hii paipu ya siti ina kipenyo cha nje cha mm 28.6. Kama tundu linapokea nguzo ya mm 27.2, ukuta wa paipu una mm 0.7 tu, na hakuna aliyetengeneza ukuta mwembamba hivyo kwa chuma cha kawaida. Hapo una chuma cha aloi, mara nyingi cha kromu na molibdeni. Nguzo ya 27.0 au 26.8 bado ni habari njema. Ukikuta 26.2 au 25.4, ukuta umefika mm 1.2 hadi 1.6, yaani chuma kizito cha baiskeli ya bei ya chini. Inadumu sana, lakini usiilipie bei ya nyepesi. Pima tundu, usipime nguzo uliyoikuta, kwa sababu mwenye baiskeli aliyetangulia huenda alichomeka iliyo ndogo na kukaza kibano mpaka midomo yake ikagusana.

Kuhusu umri, tazama nyuma ya mkono wa krenki na nyuma ya direla, kile kifaa kinachohamisha cheni. Vipuri vya Shimano, kampuni ya Kijapani, vina herufi mbili ndogo zilizogongwa. Ya kwanza ni mwaka, ambapo A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea; ya pili ni mwezi, A hadi L. Kwa hiyo KC ni Machi 1986. Kipuri kimoja peke yake si ushahidi, kwani vipuri hubadilishwa. Vikiafikiana vitatu, amini. Kama fremu ni ya Miyata, herufi ya kwanza ya namba iliyogongwa kwenye chuma ni mwaka: A ni 1972, M ni 1984. Na ukibahatika kukuta stika ya Ishiwata, watengenezaji wa paipu, yenye namba 022, hiyo inasema seti nzima ya paipu ina uzito wa takriban kilo 2.2; 019 ni kilo 1.9, na kadhalika.

Nguzo ya siti ya aluminiamu imeng'ang'ania. Nimeipiga nyundo, nimeizungusha kwa pulaya, haiendi wala hairudi.

Weka nyundo chini. Kinachoishika si kutu uliyoizoea. Aluminiamu ikikaa ndani ya chuma pamoja na unyevu, hasa jasho au hewa ya chumvi, huliwa na kuacha unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Unga huo umejikaza kati ya kuta mbili kama kabari, na kila ukipiga nyundo kichwa cha nguzo kinatanuka kidogo na kuongeza tatizo.

Toa siti na bolti ya kibano kabisa. Toa krenki na ekseli yake, kisha pindua fremu kichwa chini umimine mafuta ya kulegeza kutu kupitia paipu ya krenki. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hupaka juu tu, ilhali urefu mwingi wa nguzo uko ndani na unafikika kutokea chini. Acha siku mbili, geuza fremu, paka juu, acha siku mbili nyingine.

Kisha tumia baridi, si moto. Aluminiamu hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha moto nguzo unaibana zaidi. Ukijaza ndani yake barafu iliyopondwa pamoja na chumvi, inasinyaa kuliko paipu iliyoizunguka. Baada ya robo saa, bana kichwa cha nguzo kwenye jiriwa iliyofungwa imara mezani, na ufanye fremu yenyewe kuwa wenzo. Shika mbele kwenye paipu ya usukani na nyuma karibu na ekseli, mzungushe kwa pamoja, huku na huku, milimita kwa milimita. Usivutie paipu moja peke yake, maana fremu nyepesi hujikunja. Ukisikia "krak" na hakuna kilichovunjika, umeshinda.

Kichwa cha nguzo kikikatika, kata nguzo ibaki mm 25 juu ya fremu, ingiza wembe wa msumeno wa chuma ndani yake na ukate mifereji miwili kwa urefu, ukisimama kabla ya kugusa paipu. Kipande kilicho kati ya mifereji hukunjwa kwa ndani na koleo, na nguzo inalegea. Ni kazi ya saa mbili au tatu na mikono itauma.

Kostiki soda huyeyusha aluminiamu na kuacha chuma, hilo ni kweli. Lakini inachemka, inatoa hidrojeni inayoshika moto, inaunguza macho, ngozi na rangi ya fremu. Ukilazimika, fanya nje, ukiwa na miwani na glavu ndefu, na utie soda kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye soda. Sisi tungetumia msumeno.

Nimenunua seti mpya ya vikombe vya usukani ya inchi moja. Hesi zinalingana, lakini ringi ya chini inakataa kukaa kwenye uma.

Inchi moja ni jina la familia tu. Katika kipimo cha Kijapani, yaani JIS, sehemu ya uma inayobeba ringi ya chini ina mm 27.0, na vikombe vinaingia kwenye tundu la mm 30.0. Katika kipimo cha kimataifa, ISO, ni mm 26.4 na mm 30.2. Umenunua ISO. Ukiigonga ringi ya 26.4 juu ya 27.0 itapasuka, kama si leo basi barabarani.

Tafuta seti ya JIS. Tange Seiki bado wanazitengeneza. Kabla ya kulipa, pima pia urefu wa jumla wa seti ya zamani, kwa sababu ndefu kupita kiasi itakosa hesi za nati ya juu. Na usidhani kila fremu ya Japani ni JIS, kwa kuwa baadhi ya fremu ghali zina ISO.

Kama uliitoa ile ya zamani kwa sababu tu usukani ulikuwa "unanasa" katikati, huenda hukuhitaji kununua chochote. Gololi zilizofungwa kwenye kizimba zimechimba vishimo na kila ukinyoosha usukani zinatumbukia humo. Tupa kizimba, weka gololi huru za kipimo kilekile, mara nyingi 5/32 ya inchi, ujaze mduara na kuacha nafasi ya gololi moja. Idadi inakuwa tofauti na ile ya vishimo, kwa hiyo hazitumbukii zote kwa pamoja.

Bisibisi yangu ya nyota inaharibu vichwa vya skrubu za breki na direla. Chuma chao ni laini?

Chuma hakina kosa. Skrubu hizo ni za nyota ya JIS, na bisibisi ya Phillips, ile nyota ya kawaida, haifiki chini, hivyo inapanda na kukwangua. Skrubu za JIS mara nyingi zina nukta ndogo kichwani. Nunua bisibisi ya JIS namba 2, basi.

Nataka kutanua fremu yenye nafasi ya nyuma ya mm 126 ipokee gurudumu la mm 130. Rafiki ameniambia niingize bolti ndefu na nati mbili nisukume.

Bolti na nati husukuma pande zote mbili kwa pamoja, lakini upande ulio dhaifu ndio unaokubali kwanza. Utapata mm 130 kamili, huku mm 3 zikiwa zimetoka upande mmoja na 1 upande mwingine, na gurudumu halitakaa katikati.

Kwanza jiulize kama kuna haja. Kwa mm 4, watu wengi hutanua kwa mikono kila wanapoweka gurudumu, na fremu ya chuma huvumilia. Ukitaka kuimaliza kazi, funga uzi kutoka mdomo mmoja wa ekseli, yaani mpasuo wa fremu unaoshika ekseli, upitishe mbele ya paipu ya usukani, urudi mdomo wa pili. Pima umbali wa uzi hadi paipu ya siti kila upande. Visipolingana, fremu tayari imepinda na utaanza na upande huo. Laza fremu ubavuni, chukua ubao wa inchi mbili kwa nne, uuegemeze kwenye paipu ya siti, kisha inua mdomo mmoja tu. Chuma hurudi, kwa hiyo unasukuma mbali zaidi ya mm 2 unazotaka. Ongeza kidogo, achilia, pima, rudia. Ukimaliza upande mmoja, hamia wa pili, kisha rudisha uzi.

Kinachosahaulika ni midomo ya ekseli. Baada ya kutanua, haitazamani tena sambamba, na ukifunga nati ekseli inapindishwa. Inyooshe, pamoja na sikio la direla. Haya yote ni kwa chuma pekee, aluminiamu itapasuka.

Kuna sababu nzuri ya kuhangaika hivi. Kwenye habu ya zamani ya friwili, ambayo gia zake hufungwa kwa hesi, gololi za upande wa cheni ziko ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila msaada; ndiyo maana ekseli hizo hukatika. Habu ya kaseti, aina inayokuja na magurudumu ya mm 130, ambayo Shimano waliileta mwaka 1978, ilisogeza gololi karibu na ukingo.

Kutu imekula rangi sehemu sehemu. Nipige rangi upya?

Tungekuambia usiharakishe. Rangi ya awali na stika zake zikishaondoka hazirudi, na fremu yenye mikwaruzo ya kweli ina thamani kuliko inayong'aa isiyojulikana jina. Hakiki kwanza kama kutu ni ya juu tu: gonga polepole kwa kitu chenye ncha chini ya paipu ya krenki na penye maungio ya nyuma. Ncha ikizama, tatizo lako si rangi.

Kutu ya juu huondoka kwa asidi ya oksaliki, gramu 30 kwa lita ya maji vuguvugu, kwa saa sita hadi usiku mmoja. Ni sumu, vaa glavu. Toa vipande vyote vya aluminiamu na vilivyopakwa zinki, kisha suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha siku hiyohiyo na upake nta ndani ya paipu. Kwenye kromu hata asidi haihitajiki: kunja karatasi ya foili ya jikoni, ichovye maji, usugue. Foili ni laini kuliko kromu, haikwaruzi.

Ukiamua kupiga rangi ya unga, joto la oveni la takriban nyuzi 200 haliwezi kulegeza maungio yaliyolehemiwa kwa shaba au fedha. Hatari ni mchanga wa kusafishia, unaopunguza paipu ambazo katikati zina mm 0.5 tu. Mwambie fundi atumie kisichokwangua sana, na azibe hesi zote.

Gurudumu za inchi 27 zimechakaa. Naweza kuweka 700C?

Ndiyo. Ringi ya 27 ina mm 630 na ya 700C ina mm 622, kwa hiyo raba za breki zinashuka mm 4. Pima kutoka bolti ya breki hadi katikati ya ukingo wa ringi mpya unaobanwa na raba, ununue breki inayofika hapo. Breki za sasa huja na bolti fupi ya kuzama: toboa mm 8 nyuma ya shingo ya uma tu, usiguse tundu la mbele.

Nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile ya kikapu. Tairi mpya ya 26 inakataa kuingia kwenye ringi.

Umeuziwa tairi isiyo yake. Yako ni 26 × 1 3/8, ambayo ubavuni huandikwa 37-590. Ile ya baiskeli za milimani, 26 × 1.95, ni 559: tofauti ya mm 31 kwa kipenyo, hakuna ujanja. Soma namba ya mwisho, achana na neno "26". Valvu yake ni ya Woods, sawa na za baiskeli nyeusi za kubebea mizigo. Upepo ukipungua kila usiku bila tundu, badilisha mpira mwembamba unaovikwa kwenye msumari wa valvu. Mpira huo hukauka kwa joto na kupasuka, na ni wa bei ya pipi.

Fremu ya keirin, yale mashindano ya baiskeli ya uwanjani ya Japani, inafaa barabarani?

Inafaa, ila ilitengenezwa kwa uwanja; mashindano haya yalianzia Kokura, Japani, mwaka 1948. Uma hauna tundu la breki. Usiutoboe, tafuta uma mwingine wa urefu uleule wenye tundu, uhifadhi wa asili. Nafasi ya nyuma ni mm 120, na cheni ni ya 1/8 ya inchi. Pia kidole cha kiatu kinaweza kugusa tairi la mbele ukikata kona polepole, kwa hiyo jaribu hilo kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia kwenye foleni ya magari.