Siku Nzima na Tinker Bell: Namna ya Kuzirudia Filamu za Utotoni

Ukiamua kutenga siku nzima ya mapumziko ili uzirudie filamu za katuni ulizozipenda utotoni, jambo la kwanza ninalokushauri ni kuchagua chache na kuziacha nyingine bila majuto. Ninazungumzia filamu za Tinker Bell na vichimbakazi wenzake wa Pixie Hollow, makazi yao, ambazo studio ya DisneyToon ilianza kuzitoa mwaka 2008. Ziko sita zenye urefu kamili, na kwa kuwa kila moja huchukua saa moja na robo hivi, ni rahisi kushawishika kuzimaliza zote kwa mkupuo. Hata hivyo, ikifika ya nne macho huwa yamechoka, mtu anatazama ili amalize tu, na filamu nzuri inapita bila kuonekana. Tatu zinatosha: moja asubuhi, moja baada ya chakula cha mchana, na moja jioni.

Maandalizi ni machache. Kwetu nyanda za juu, baridi ya Juni na Julai ndiyo majira yanayofaa zaidi, kwa kuwa blanketi halihitaji kutafutiwa sababu. Maandazi yapikwe usiku wa kuamkia siku hiyo, chai ya tangawizi iwe kwenye chupa, kompyuta iwe imejaa chaji endapo umeme utakatika, na simu ikae chumba kingine.

Asubuhi anza na filamu ya kwanza kabisa, hata kama siyo uliyoipenda kuliko zote. Kabla hujaiwasha, kumbuka safari ndefu ya mhusika huyu. Tinker Bell alizaliwa katika tamthilia ya Peter Pan ya J. M. Barrie iliyoigizwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1904, na jukwaani hakuwa na mwili, bali nuru iliyorukaruka na mlio wa kengele. Katika filamu ya Disney ya mwaka 1953 alipewa umbo, lakini bado hakusema neno. Hii ya mwaka 2008 ndiyo iliyompa maneno, kwa sauti ya Mae Whitman, na ikamrudishia kazi ambayo Barrie mwenyewe alikuwa amempa, yaani kutengeneza vyungu na birika.

Utotoni niliangalia mabawa na ule unga wa dhahabu unaowawezesha kuruka. Sasa ninamwona kijana aliyekabidhiwa kazi asiyoitaka. Mbele ya Malkia Clarion nyundo inang'aa na kumfuata, naye anatangazwa kuwa fundi. Kisha anagundua kwamba mafundi hawaendi na wenzao kwenye ulimwengu wa wanadamu kupeleka majira ya mwaka. Anajaribu kazi ya maji, ya nuru na ya wanyama, anashindwa zote, na kwa pupa yake anaharibu matayarisho ya majira ya kuchipua. Anayeyaokoa matayarisho hayo ni yeye mwenyewe, kwa mashine anazoziunda kutokana na vitu vilivyopotezwa na wanadamu. Katika jamii zetu, ambamo kijana mwenye mikono ya ufundi bado huulizwa ni lini atapata kazi ya ofisini, sehemu hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu, na kama una mdogo wako anayesomea ufundi, mwite akae karibu nawe.

Ya mchana iwe Secret of the Wings ya mwaka 2012, na hii usiitazame peke yako ikiwa una ndugu. Tinker Bell anavuka mpaka wa Msitu wa Majira ya Baridi na kumkuta Periwinkle, dada yake, kwa kuwa wote wawili walitokana na kicheko kimoja cha mtoto mchanga. Lakini baridi huharibu mabawa ya mmoja na joto huharibu ya mwingine. Mdogo wangu anaishi mji mwingine, kwa hiyo tunakubaliana saa, tunaanza pamoja, kisha tunapigiana simu filamu inapokwisha. Utotoni sikujali kabisa habari za Clarion na Milori, mtawala wa upande wa baridi aliyevunjika bawa kwa sababu ya kumpenda malkia. Siku hizi ndiyo sehemu ninayoisubiri.

Kati ya filamu na filamu, toka nje, tembea, kula chakula cha kweli.

Jioni ninaweka Legend of the NeverBeast, ambayo ndiyo iliyofunga mfululizo huu. Humo Fawn, mtunza wanyama, anamtetea mnyama mkubwa ambaye wengine wote wanamwogopa, na mwishoni inambidi aagane naye anapokwenda kulala usingizi wa miaka elfu moja. Utalia, na ni vizuri ulie usiku ukiwa umekaribia, wala usiiweke asubuhi ikakutia huzuni siku nzima. Ikiwa watoto wadogo wamo ndani, ngurumo na radi za filamu hiyo zinaweza kuwatisha. Wawekee badala yake The Great Fairy Rescue, yenye msichana Lizzy na baba yake mwanasayansi katika mashamba ya Uingereza. Wasipofuata Kiingereza, isimamishe kila baada ya sehemu uwasimulie, kwani kuzungumza wakati waigizaji nao wanazungumza huwanyima watoto filamu na simulizi pia.

Zilizobaki ziache. The Pirate Fairy, ambamo Tom Hiddleston anaimba akiwa Hook kijana, yule haramia adui wa Peter Pan, mimi ninaiwekea Desemba shule zikifungwa.