Trei mbili za mayai zilivyotuvusha masika

Dada uliyeuliza unafanyaje na watoto watatu kwenye vyumba viwili, mvua inapiga toka alfajiri, shule wamefunga kwa sababu ya maji na umeme nao umekatika, pole sana. Hali hiyo naijua mana mi niko hapa hapa Dar na wangu ni watatu pia, wana miaka 7, 10 na 12. Masika yanaanza mwezi wa 3 mpaka wa 5 na Aprili ndo kipindi chenyewe. Kuna siku nilishinda nafokea tu, kisa rimoti, kisa nani kamsukuma nani kitandani, usiku nikawaangalia wamelala roho ikaniuma kweli, hawakuwa watundu wale, walikosa cha kufanya tu.

Kwa uzoefu wangu ukimwambia mtoto "kacheze na wenzio" bila kumuanzishia hafiki popote, baada ya dakika tano karudi analia. Kaa nao chini nusu saa ya kwanza, mchezo ukishakolea unanyanyuka zako na wala hawakuoni.

Sisi kilichotuokoa ni bao. La mti hatukuwa nalo, nikachukua trei mbili za mayai. Trei moja ina mashimo 30, sita kwa tano, na bao la Kiswahili linataka mashimo 32, safu nne za nane nane, kwa hiyo ile ya kwanza tukakata safu nne za mashimo sita, ya pili tukakata kipande cha safu nne za mawili mawili, tukaunganisha kwa sindano na uzi (tulijaribu uji wa unga kama gundi, mvua ile haukukauka hata kidogo). Kete 64 tukatumia maharage, mkubwa akahesabu, wa mwisho hakumwamini akarudia yeye, hapo tu karibu lisaa limekatika.

Kwa wanaoanza weka kete mbili mbili kila shimo, kila mtu ana safu mbili za upande wake, unachota shimo moja unagawa moja moja, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unachota tena unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Ikiishia safu yako ya mbele kwenye shimo lenye kete na la mwenzio linalotazamana nalo lina kete, unazila zile zake unazigawa upande wako. Mambo ya nyumba na kimbi, yale mashimo yenye sheria zake za peke yake, yaache kwanza, watayafikia wenyewe. Wa miaka 7 sasa hivi anajua kabla hajachota kwamba hili litalala, na ni huyu huyu ambaye hesabu za kujumlisha zilikuwa zinamtoa machozi.

Siku nyingine wanakanda maandazi. Kila mmoja anapewa donge lake asukume na kukata anavyotaka, nyota, samaki, gari, kukaanga nakaanga mimi, mafuta ya moto siwaachii. Na nakuomba sana, kama unatumia mkaa usiingize jiko ndani ukafunga milango kisa mvua inarusha, hewa ya mkaa inaua na haina harufu, mtu anasinzia hivi hivi. Bora jiko likae barazani chini ya bati hata kama mtalowana kidogo.

Giza likiingia ni vitendawili. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia mibani, ukishindwa unatoa mji afu aliyetega anaenda huko anakula vyote vizuri mbele yako ndo anakwambia ni nanasi. Sisi tukaongeza sheria moja, mji uliotajwa hautolewi tena. Siku ya pili Mwanza, Tanga, Arusha zote zimeisha, wakaenda kuchukua daftari lenye ramani nyuma wakalisoma kwa tochi ya simu, huyu wa 10 akatoa Katavi, dada yake akamkatalia, Katavi ni mkoa, mji wake Mpanda, wakabishana mpaka usingizi ukawachukua.

Tivi siikatazi, umeme ukiwepo wanaangalia, ila wenyewe siku hizi wananyanyuka katikati wanaenda kumalizia bao lililobaki jana, mana tunaliweka juu ya kabati na maharage yake kama lilivyo, ole wake atakayegusa. Na trei usinunue, muombe muuza chipsi yeyote wa mtaani kwako, anazo kibao na nyingi anazitupa.