Saladi ya machungwa isiwe chungu wala majimaji

Dada, umeuliza kwa nini saladi yako ya machungwa na balungi inakuwa chungu, na wageni wakifika unaikuta inaelea majini. Uchungu unatoka kwenye ule weupe chini ya ganda. Usimenye kama chungwa la kufyonza la barabarani. Kata ncha mbili, simamisha tunda ubaoni, shusha kisu kikali toka juu hadi chini mpaka ibaki nyama tupu, kisha kata vipande vyembamba vya mviringo. Balungi ni kaidi, toa na utando wa ndani. Chenza menya kwa mkono tu.

Maji yanavutwa na sukari. Iweke wakati wa kupakua, si kabla. Machungwa ya Muheza yakiwa kwenye msimu hayaihitaji kabisa. Chumvi kidogo sana inatosha kuamsha utamu.

Nananaa ichane kwa vidole dakika ya mwisho, ukiikatakata mapema inageuka nyeusi. Mimi huongeza majani matatu ya mrehani, ingawa mume wangu hudai bakuli linanukia maulidi. Maji yatakayobaki usimwage, kamulia ndimu unywe.