Kwa Salma: goti la Torres na bei ya Torres

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, marahaba. Umeniuliza Fernando Torres, yule straika wa Hispania, alimalizwa na nini: goti, au ile bei ya pauni milioni 50 ambayo Chelsea walimnunulia kutoka Liverpool? Najua kinachokusukuma kuuliza. Straika wako ametoka kwenye upasuaji wa goti, hafungi, na wenzako wa benchi la ufundi wanasema ameingiwa na woga. Jibu langu ni hili: Torres alipungukiwa na nusu hatua ya kasi, kisha akahamia timu ambayo haikumpa uwanja wa kukimbilia. Woga, kama ulikuwepo, ulifuata nyuma ya hayo mawili.

Anza na mabao yake ya ligi akiwa Liverpool. Msimu wa 2007-08 alifunga 24 katika mechi 33. Uliofuata, 14 katika mechi 24. Wa 2009-10, 18 katika mechi 22. Usiangalie mabao peke yake. Huo msimu wa tatu alikuwa akifunga kwa wastani mkubwa kuliko wa kwanza, lakini mechi 16 kati ya 38 hakuwepo. Ilianza misuli ya nyuma ya paja, ikawa inajirudia. Kisha goti la kulia likapasuliwa Januari 2010, na likapasuliwa tena Aprili mwaka huohuo. Wiki nane hivi baada ya upasuaji wa pili akawa Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia. Hispania ikabeba kombe, yeye akarudi bila bao hata moja, na kwenye fainali aliingia muda wa nyongeza akaumia paja.

Msuli wa nyuma ya paja ndio breki ya mguu. Mchezaji anapokimbia kasi ya mwisho, mguu ukirushwa mbele, msuli huo unauzuia usiendelee kwenda kabla haujakanyaga chini. Ukichanika mara mbili tatu, mwili wenyewe unajifunza kufupisha hatua. Goti likipasuliwa, paja la mbele nalo hunywea haraka, na nguvu ya kuchomoka mita tano za kwanza inapungua hata kama mchezaji hasikii maumivu tena. Kwa kiungo hilo ni usumbufu. Kwa Torres lilikuwa ndilo soko lake lote.

Tafuta fainali ya Euro 2008, Vienna, Hispania na Ujerumani, dakika ya 33. Xavi anapenyeza pasi. Lahm, beki wa Ujerumani, yuko mbele ya Torres, mpira uko karibu naye zaidi. Torres anapita upande wa nje, anamzunguka, anatanguliza mguu na kuunyanyua mpira juu ya kipa Lehmann anayetoka golini. Simamisha picha pale Lahm anapodhani ameshaumiliki mpira. Mkato wa kasi ule unachukua hatua mbili au tatu tu. Ondoa nusu hatua hapo, na Lahm anauweka mwili katikati, mchezo unaendelea, hakuna anayekumbuka kitu.

Liverpool ya kocha Benítez ilimjengea mazingira ya mkato huo. Gerrard alicheza nyuma yake, macho yakiwa mbele, na Alonso alirusha pasi ndefu kutoka chini. Mpira ukinyang'anywa katikati, pasi ya kwanza ilimtafuta Torres kabla mabeki hawajageuka. Alonso aliondoka Agosti 2009 kwenda Real Madrid, na bomba moja likafungwa hapo.

Kisha 31 Januari 2011 akasaini Chelsea. Bao la kwanza lilisubiri hadi 23 Aprili, dhidi ya West Ham. Chelsea walimiliki mpira, wageni wakapaki basi ndani ya boksi lao, na mashambulizi mengi yakaishia kwenye krosi na mapambano ya vifua na beki wa kati, kazi ambayo Drogba, straika mwenzake, aliiweza kuliko mtu yeyote. Torres aliyezoea mita 30 za nyasi nyuma ya mabeki akapewa mita tano. Jumla yake pale kwenye ligi: mabao 20 katika mechi 110.

Watu hukuonyesha ile nafasi aliyokosa Old Trafford, uwanja wa Manchester United, Septemba 2011, kipa De Gea ameshapitwa na goli liko wazi. Waambie waanze kuitazama mechi ile mapema zaidi: mwanzoni mwa kipindi cha pili alikimbilia pasi ya Anelka na kumnyanyulia De Gea mpira kwa utulivu mkubwa. Mtu huyohuyo, mechi hiyohiyo. Tena 24 Aprili 2012, Camp Nou, aliingia badala ya Drogba, Barcelona wote wamepanda, akakimbia peke yake, akampita kipa Valdés, akafunga. Fainali ya Euro 2012 Italia walibaki 10 uwanjani. Akaingia dakika ya 75, akafunga, akampa Mata bao jingine. Uwanja ulipofunguka, alifunga. Sikatai kwamba bei ilimlemea, ila bei haieleweki ikimwacha afunge Camp Nou na kumzuia afunge nyumbani dhidi ya timu ndogo.

Sasa straika wako, yule binti wa namba tisa. Kabla ya kuzungumzia moyo wake, mpime. Aruke kwa mguu mmoja mbele, mara tatu kwa kila mguu, uandike umbali mrefu zaidi. Mguu uliopasuliwa ukiwa chini ya asilimia 90 ya mwenzake, hajawa tayari kwa mbio kali, hata kama daktari amemruhusu kufanya mazoezi. Mpime pia mbio za mita 10 na mita 30 kwa saa ileile ya kupimia muda kila baada ya wiki mbili. Wengi utakuta mita 30 imerudi lakini mita 10 bado, na hapo ndipo straika anapokosa bao bila mtu kujua kwa nini.

Mazoezi ya kupiga magoti na kujishusha mbele polepole, mwenzake akimshika vifundo vya miguu, yaanze na seti mbili za mara tano kwa wiki mara mbili, yasiwekwe siku moja kabla ya mechi. Mbio za kasi kamili baada ya mechi zisubiri saa 48. Kinachowarudisha wengi hospitali ni dakika 20 za leo kugeuka 90 za keshokutwa kwa sababu timu inafungwa.

Halafu angalia anapewa mipira gani. Chukua mechi tatu, hesabu pasi zilizopelekwa nyuma ya mabeki na krosi alizolazimishwa kugombea kwa kichwa. Kama krosi ni nyingi kuliko pasi za kupenyeza, basi kasoro iko kwa viungo wako, na ninaomba uwaambie wenzako hivyo kabla hawajamwambia yeye lolote. Mweke kiungo mmoja anayeinua kichwa mapema, na binti aanze mbio kichwa hicho kinapoinuka, akitokea upande asiouona beki, kwa mkunjo ili asiotee.

Niandikie namba za mita 10 ukishazipata.

Baba yako