Nitajuaje kama kisukuku nilichonunua ni adimu kweli?

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umenunua mtandaoni jino la megalodoni, papa mkubwa wa kale aliyetoweka, na taya la mosasauri, mtambaazi mkubwa wa kale wa baharini, kutoka Moroko, vyote viwili vikiwa na kibandiko kinachosema "adimu sana", na ungependa kujua namna ya kuyapima maneno hayo kabla hujatoa fedha nyingine. Mimi ninaishi kusini mwa Uingereza na kwa miaka mingi nimekuwa nikiokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika mwamba, katika fukwe za Charmouth na Lyme Regis, kwa hiyo nitaanzia huku ninakokufahamu, kisha nitavirudia vitu vyako viwili.

Majabali ya Charmouth ni tope la bahari lililogeuka mwamba miaka ipatayo milioni 190 hadi 200 iliyopita. Dhoruba za majira ya baridi zinapoyapiga, ardhi huporomoka, na mawimbi huosha tope na kuacha vilivyokuwa ndani yake. Belemniti, jamaa wa kale wa ngisi ambao kwa kawaida hutuachia kipande kigumu chenye umbo la risasi, wamejaa kiasi kwamba hata mtoto mdogo hurudi nyumbani na vipande vyao mfukoni. Amoniti wadogo, wanyama wa kale wa baharini wenye gamba la kuzunguka kama la konokono, waliogeuka piriti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa shaba, nao huokotwa karibu kila siku. Pingili za uti wa mgongo wa ikthiosauri, mtambaazi wa kale wa baharini mwenye umbo la samaki, ambazo ni bapa na zimebonyea pande zote mbili, humfikia mtu mwenye subira. Sasa mtazame belemniti huyohuyo wa kawaida anapopatikana akiwa na mikono yake na kifuko cha wino ndani ya jiwe, kama wale waliofanya watu washangae zama za Mary Anning, mkusanyaji maarufu wa visukuku wa Lyme Regis, miaka ya 1820: huyo ni wa kuwekwa katika jumba la makumbusho. Mnyama hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni namna alivyozikwa, yaani haraka, katika tope lisilo na hewa, kabla nyama haijaoza wala kuliwa. Ndiyo maana muuzaji anaponitajia jina la mnyama tu, kwangu bado hajasema lolote kuhusu uadimu.

Katika majabali hayohayo ulipatikana mwaka 1858 mfupa wa kwanza wa Scelidosaurus, dinosaria mwenye magamba ya mfupa mgongoni, na baadaye karibu mifupa yake yote ikafukuliwa. Huyo ni adimu kwa sababu nyingine kabisa. Aliishi nchi kavu, na ili amfikie mkusanyaji ilibidi mzoga wake ubebwe na maji hadi baharini, uzame kabla haujatawanyika, ufunikwe, kisha jabali liporomoke wakati ambapo kuna mtu ufukweni. Hatuwezi kusema kwamba wanyama hao walikuwa wachache. Tunachoweza kusema ni kwamba njia ya kuingia katika mwamba ule ilikuwa nyembamba kwao. Kuna mfano wa Afrika unaonifanya niwe mwangalifu sana hapa. Silikanti, samaki wa ukoo wa kale sana, hajulikani katika visukuku vya miaka milioni 66 iliyopita hadi leo, na wataalamu waliamini kwamba alitoweka, hadi alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Na tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wamekuwa wakimpata katika nyavu zao.

Nikija kwenye jino lako, papa huangusha meno na kuotesha mengine maisha yake yote, kwa hiyo papa mmoja huacha maelfu ya meno, na jino ni kitu kigumu kinachodumu. Meno ya megalodoni huokotwa kwa wingi, hasa katika mito na pwani za Carolina na Florida nchini Marekani. Lililo adimu ni lile linalozidi sentimita 15, ambalo kingo zake bado zina vijino vya msumeno, enameli haijabanduka na mzizi haujamomonyoka wala kuzibwa kwa plasta. Pingili za mgongo wake ni adimu kuliko meno, kwa kuwa mifupa ya papa ni gegedu na gegedu huoza. Mabaki ya mwili wake mzima hayajapatikana kamwe.

Taya ndilo linalonitia wasiwasi. Machimbo ya fosfeti ya Moroko, kama yale ya Khouribga, hutoa meno ya mosasauri kwa wingi mno, ilhali taya zima ni jambo jingine, na kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huchukua meno halisi na kuyapandikiza katika vipande vya mifupa isiyohusiana, wakavifunika kwa mchanga uliochanganywa na gundi. Chukua lenzi na uangalie pale jino linapokutana na mfupa. Jino halisi la mosasauri limekaa juu ya kitako kinene cha mfupa kilichoungana na taya, nawe utaona kitako hicho. Katika taya la kuunda utaona mchanga umelizunguka jino kama kola, na mara nyingi vitundu vidogo vya mviringo ambavyo ni viputo vya gundi. Kisha zima taa na umulike kwa tochi ya urujuanimno, kwa sababu gundi nyingi hung'aa tofauti na mfupa. Meno yanayotofautiana rangi, au yanayoelekea kila upande, yanatosha kukufanya urudishe mzigo.

Bei isikuongoze, maana hupanda na kushuka kwa mapenzi ya wanunuzi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kumbukumbu ya mahali na tabaka la mwamba kisukuku kilipotoka. Amoniti asiye na maelezo hayo ni pambo, kwa sababu hatuwezi kumlinganisha na wenzake wa tabaka lake ili tuseme kama ni wa kawaida au la. Huku kwetu visukuku vyenye umuhimu mkubwa kwa sayansi huandikishwa katika kituo cha Charmouth, na mwokotaji huendelea kuvimiliki. Nimeona utaratibu huo ukiwafanya watu wavionyeshe badala ya kuvificha kabatini.

Umeuliza pia kuhusu mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walichimba huko kati ya mwaka 1909 na 1913 na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa, na hata katika shehena hiyo uadimu hautoshani: mifupa ya Kentrosaurus ilikuwa mamia kwa mamia, lakini Elaphrosaurus tunamfahamu hasa kwa kiunzi kimoja tu. Usinunue wala usiokote huko. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inakataza kuchimba au kusafirisha mabaki hayo bila kibali, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Tafadhali weka hapa picha za taya lako kutoka pande zote, pamoja na rula, na moja ya karibu pale meno yanapoingia katika mfupa. Kwa jino, piga picha ya mzizi na kingo zote mbili, na utuandikie hasa muuzaji alisema limetoka mto gani au pwani gani.